Uzi wa Mkebe Nambari Kumi na Tisa

Mimi nilikuwa pua. Usicheke. Katika kiwanda cha maziwa pale Nakuru, miaka ile ya hamsini, kulikuwa na mtu wa boila, mtu wa mizani, mtu wa siagi, na kulikuwa na pua, yaani mimi, Alamin wa Bondeni. Malori yakiingia asubuhi kutoka mashambani, mikebe ikishapangwa juu ya jukwaa la saruji, nilipita nikifunua kifuniko kimoja kimoja, nikainamisha uso, nikavuta pumzi mara moja, kisha nikasema "Mazima" au nikasema "Yarudi." Basi. Nimerudisha maziwa ya walowezi wenye ekari elfu tatu, na hawakuwa na la kunifanya zaidi ya kutukana kwenye simu.

Nimeanza na majivuno yangu makusudi. Maana ninalotaka kusimulia ni jinsi pua hii, pamoja na sifa zake zote, ilivyojua jambo kwa miaka miwili bila kulielewa. Na nataka kuwataja wanaume wawili ambao nawaheshimu kuliko wakubwa wote niliowahi kuwavulia kofia. Mmoja aliosha mikebe. Mwingine alikamua ng'ombe.

Aliyeosha mikebe aliitwa Mburu. Alikuja kwetu mwanzo wa mwaka wa hamsini na nne, katikati ya Hali ya Hatari, Wakikuyu wakishukiwa uasi, kijana wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mkimya, anayetembea kama aliyeambiwa kuna mgonjwa ndani. Alizaliwa kwenye shamba moja la mzungu huko Subukia, na mwenye shamba alipoamua kupunguza Wakikuyu, wanaume wenye nguvu ndio waliotolewa kwanza. Meneja wetu alimchukua kwa sababu kazi ya mvuke ilikuwa imewashinda watu watatu kabla yake. Pasi yake ilimruhusu kukaa Nakuru mjini, basi. Mama yake, Wamuyu, alibaki kule shambani akilisha ndama na kutayarisha mikebe ya maziwa. Kutoka Nakuru hadi Subukia ni maili ishirini na tano kwa shida, lakini kwa mtu mwenye pasi ile ilikuwa sawa na Ulaya.

Nilimkamata wiki ya tatu. Niliona kwamba lori la Subukia likipakuliwa, Mburu huacha kila kitu akauendea mkebe mmoja, ule wenye nambari kumi na tisa iliyopakwa rangi nyekundu begani, akafungua kitu kwenye kishikio na kukitia mfukoni. Saa sita, mikebe iliyooshwa ikianza kupandishwa lorini irudi mashambani, hufunga kitu palepale. Sasa mimi ni mtu wa hasira za karibu. Na siku zile alama yoyote ilikuwa balaa, watu walikuwa wanapelekwa kizuizini kwa mambo madogo kuliko hayo. Nikamvuta nyuma ya boila nikamkaba ukosi.

"Unataka tufungwe sote? Toa ulichoficha!"

Akatoa. Ulikuwa uzi wa katani, mwekundu uliofifia, urefu wake kama kidole.

"Ni ya mama," akasema. "Yeye anafunga uzi ya kiondo. Mimi nafunga kitambaa ya ovaroli yangu. Tulipatana hivyo siku nilitolewa shamba."

"Na maana yake nini?"

Akaniangalia kana kwamba nimeuliza maana ya maji. "Maana yake niko. Sasa ingekuwa nini ingine?"

Nilimwachia ukosi. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini sasa, kwa nini asiandike barua kama watu wengine. Akaniambia mama yake hajui kusoma, naye hajui kuandika, kwa hiyo barua ingeandikwa na karani, ikafunguliwa na askari, ikasomwa na nyapara, na kufikia mama ingekuwa imepita mikononi mwa watu wengi mno. Uzi huu ulipita mikononi mwa watu wawili tu. Nilitazama ovaroli yake ya buluu nikaona pindo la mguu wa kulia limeshaanza kupanda juu ya kifundo, kwa kuchanwa kidogo kidogo kila siku. Nikarudi kwenye mikebe yangu.

Tangu hapo nikawa mshirika wake, ingawa hakuna aliyeniomba. Mara moja mkaguzi wa kizungu alisimama mbele ya kumi na tisa, akaushika uzi kwa ncha za vidole, akauliza hiki ni nini. Mburu alikuwa upande wa pili wa jukwaa, amekauka. Nikasema, "Alama yangu, bwana. Maziwa ya mkebe huu wakati mwingine yana harufu ya vitunguu mwitu, nauwekea alama niunuse mara mbili." Mkaguzi akaandika hayo kwenye daftari lake na kunisifu kwa bidii. Maziwa ya watu hayakuwa na kosa lolote, nikayatia doa la bure, na sijutii mpaka leo.

Mwaka mzima ulipita hivyo. Kila asubuhi uzi mwekundu ulikuja, kila mchana kitambaa cha buluu kikaenda. Mimi kwa kuwa ndiye wa kwanza kuufikia kila mkebe, niliufahamu uzi ule kwa harufu kabla ya kuuona: moshi wa kuni, mafuta ya mbarika anayojipaka mama mzee wa Kikuyu, na ndama. Sikupata kumwona Wamuyu hata siku moja, lakini ningemtambua gizani.

Kisha ikaja Ramadhani ya mwaka wa hamsini na tano, wakati wa mvua ya masika. Mtu aliyefunga, pua yake huwa kali maradufu, muulize yeyote anayefunga. Siku moja mkebe wa kumi na tisa ulikuja bila uzi. Nikadhani umedondoka njiani. Siku ya pili, hakuna uzi. Siku ya tatu, hakuna. Mburu aliosha mikebe siku ile ya tatu na maji ya moto yakamwunguza mkono mpaka kwenye kiwiko, wala hakupiga kelele. Alifunga kitambaa chake saa sita kama kawaida, akasimama akilitazama lori mpaka likapotea upande wa kreta, ule mlima wenye shimo juu ya mji. Nilimwomba Mungu kwa njaa yangu yote ya mfungo uzi ule urudi.

Siku ya nne ulirudi. Niliuona nikiwa bado mbali, nikaikimbilia mikebe nikiruka zamu ya mashamba mengine, nikainama.

Haukuwa wake.

Uzi ulikuwa wa katani, sawa, lakini wa gunia la pumba, haukutiwa rangi. Hilo lisingenitia shaka, maana kiondo nacho huisha. Kilichonigutusha ni harufu. Uzi ulinuka mkaa wa senetwet. Wakalenjin husugua vibuyu vyao vya maziwa kwa mkaa wa mti huo, na ukishaijua harufu yake mara moja huwezi kuisahau. Mikono iliyofunga uzi ule ilikuwa imeshika vibuyu hivyo miaka na miaka. Mafuta ya mbarika hayakuwepo hata chembe.

Nikanyanyuka, na Mburu alikuwa ameshafika. Akaufungua uzi, ukamkataa, akaukata kwa kisu, akautazama kwa muda. Kisha akaenda nyuma ya boila. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Mvuke," akasema. Nikajua analia kwa furaha kwamba mama yake bado yupo, na moyo wangu ukaniuma kama jino.

Jioni, tukishafuturu, nilimweleza mke wangu Safiyo. Safiyo haniogopi, ndiyo sababu nilimwoa. Akaniambia, "Harufu si ushahidi, Baba Mboni. Ulizia kwanza." Nikamtuma Ogola, dereva wa lori la Subukia, amuulize nyapara wa shamba lile kwa siri. Ogola alikuwa haingii mashambani, alichukua mikebe kwenye kijukwaa cha mbao kando ya barabara, lakini alijitahidi. Alirudi baada ya siku mbili akavua kofia. Yule mama wa kulisha ndama alikuwa amekufa kwa kichomi, mvua zilipoanza. Kazi yake ya mikebe alipewa mkamuaji mmoja mzee, Mkipsigis, yaani Mkalenjin, jina lake Kimaiyo.

"Mwambie," akasema Safiyo.

"Nitamwambia."

Sikumwambia. Kwanza nilimkasirikia huyo Kimaiyo. Mwongo gani huyu, nikasema, anayemchezea mtoto wa mwenzake aliyefiwa? Nilipanga kumwambia Mburu kesho yake, lakini kesho uzi ulikuja, na Mburu akaupokea kwa vidole viwili kwa heshima kubwa, nikashindwa. Nikasema Ijumaa. Ijumaa uzi ulikuja. Nikasema baada ya Idi. Uzi haukukosa hata siku moja, iwe mvua, iwe baridi ya mwezi wa saba, na kila ulipokuja ulikaa katikati yangu na maneno yangu. Safiyo alinisema mpaka akachoka, akaacha, na kuacha kwake kulinikera kuliko kusema.

Polepole hasira yangu kwa Kimaiyo ilianza kupungua nguvu. Hebu fikiria. Mtu ameamka saa tisa na nusu usiku kukamua ng'ombe wasio wake, vidole vimekufa ganzi, mkokoteni unamngoja, nyapara anapiga kelele, na bado anasimama kuchomoa uzi kwenye gunia na kuufunga kwa ajili ya mtu asiyemjua. Mara moja, sawa, tungesema ni huruma. Yeye alifanya hivyo kila siku ya Mungu. Mimi mwenyewe nina ndugu Mombasa, tumezaliwa tumbo moja, na sikumpelekea salamu mwaka ule wote.

Lakini kilichoninyamazisha kabisa ni homa ya Mburu. Alishikwa na malaria, akalala siku tatu kwenye chumba chake cha lokesheni, mtaa wa wafanyakazi, akaniita. "Nifungie," akasema, meno yanagongana, akanipa kitambaa cha buluu. "Funga vile mimi hufunga." Nilifunga, lakini mimi si mtu wa kamba, nikakifunga vibaya vibaya tu, kama mtu anayefunga kiatu. Kesho yake kumi na tisa ulikuja na nyuzi mbili. Mbili, ubavu kwa ubavu. Yule mzee alikuwa ameona kwamba mkono umebadilika, akauliza: kuna nini leo? Nilimpelekea Mburu zote mbili. Akazishika juu ya blanketi, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nami nikatoka nje haraka nikajisingizia kazi.

Mwaka wa hamsini na saba mambo yalianza kulegea. Siku moja ya Alhamisi Mburu alikuja akikimbia, yeye ambaye hakimbii, na karatasi mkononi. Amepewa pasi ya kwenda Subukia, Jumamosi kwenda, Jumapili kurudi. Akaniomba nimsindikize, kwa kuwa kwenye vizuizi askari walikuwa wapole zaidi kwa mtu mwenye kanzu na kofia kuliko kwa Mkikuyu peke yake. Nilikubali kabla sijafikiri. Baadaye ndipo nikafikiri kwamba kule atalikuta kaburi.

Ijumaa alinionyesha zawadi aliyonunua. Lilikuwa kabuti. Kabuti kuukuu la jeshi, zito, la mwanamume mkubwa, lenye vifungo vya shaba.

"Mburu," nikasema, "hili litamtosha mama yako mara tatu."

"Subukia ni baridi," akajibu, akalikunja.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Safiyo kwamba maskini yule amemnunulia marehemu kabuti, na kwamba mimi ndiye niliyemfikisha hapo kwa uoga wangu. Nilitaraji atanipoza. Hakunipoza. Alisema, "Basi kesho utasema njiani, ama usirudi hapa."

Jumamosi saa sita Mburu aliosha mikebe yake yote, hakuacha hata mmoja kwa mwenzake. Akachana kitambaa, akakifunga kwenye kishikio cha kumi na tisa kama kila siku. Kisha akapanda lorini akaketi kando ya mkebe uleule, kabuti mapajani. Ogola aliyekuwa akilala na lori kulekule Subukia alikuwa anatupeleka mpaka kwenye kijukwaa cha shamba. Nilipanda kiti cha mbele. Nilimwona Ogola ananitazama kwa pembe ya jicho, anajua, na sote wawili tukaangalia barabara.

Kwenye kijukwaa tulishuka. Ogola akashusha kumi na tisa na mingine miwili ya shamba lile, akaondoa lori na kwenda kwa mashamba ya juu. Mkokoteni ulikuwa haujafika. Bonde lote lilikuwa mbele yetu, mahindi, kahawa, ng'ombe weupe na weusi mbali kule, na Mburu alikuwa anavuta hewa ya nyumbani kwao kwa kinywa wazi. Nikaona nisiposema hapa nitakuwa mtu wa hovyo mpaka kaburini.

"Mburu. Kabla hatujaingia. Mama yako..."

"Alikufa," akasema. "Ile mvua ya mwaka wa hamsini na tano."

Nikageuka kutazama lilikopotelea lori.

"Nani alikwambia? Ogola?"

"Hakuna mtu." Akatia mkono mfukoni akatoa nyuzi mbili, mmoja mwekundu uliofifia, mmoja wa gunia. Ule mwekundu bado ulikuwa na mkunjo wa fundo. "Mama alikuwa anafunga hivi, kama wanawake wanafunga wakisuka kiondo. Ukivuta hapa, inafunguka mara moja. Sasa hii ingine ni ya kufunga ng'ombe miguu wakati ya kukamua. Hii ukivuta inazidi kukaza. Siku ya kwanza niliivuta nikajua. Mama hawezi kufunga hii hata ukimpiga."

"Ile siku ulienda nyuma ya boila."

"Nilikuwa namlilia."

Miaka miwili! Miaka miwili nimebeba siri ya mtu mwenyewe. Nilihisi aibu ikinipanda kutoka miguuni, na pamoja nayo hasira, maana mimi aibu na hasira hukaa nyumba moja.

"Na ukaniacha nihangaike?"

"Nilijua unajua," akasema, na akatabasamu kidogo. "Kila asubuhi ulikuwa unaniangalia kama mtu ameiba kuku. Nikasema huyu anataka kunisaidia. Nikimwambia najua, ataona ameteseka bure."

Nikauliza swali moja tu lililobaki, na ndilo nililopaswa kuliuliza tangu mwanzo. "Sasa kama ulijua, kwa nini uliendelea kufunga?"

Akaunyanyua ule uzi wa gunia.

"Mtu amefunga fundo kama hiyo, huyo anangoja," akasema. "Mimi nilingoja siku tatu, ile bila uzi. Unakumbuka. Sasa na mimi ningenyamaza, si yeye angesema huyu pia amekufa?"

Nikalitazama lile kabuti, na ndipo lilipoingia akilini.

"Ni la huyo anayefunga."

"Ni lake. Mtu anakaza namna hii, lazima ni mtu mkubwa sana."

Mkokoteni ulitokea kwenye kona ukivutwa na maksai wawili. Aliyeuongoza alikuwa mzee mdogo, mwembamba, masikio yametobolewa na kulegea, amevaa shati lililokatwa mikono. Hakutuona, au alituona akatudhani wasafiri. Aliwasimamisha maksai, akaja moja kwa moja kwenye mikebe, akauzungusha kumi na tisa mpaka kishikio kikawa upande wake. Akapapasa. Vidole vilipokipata kitambaa, uso wake wote ulilegea kwa raha, akasema neno moja kwa lugha yao, taratibu, kama mtu anayeitikia hodi. Nimeona watu wakipokea tuzo za gavana, nimeona watu wakipokea watoto wao wa kwanza, na sijapata kuona uso ukipokea kitu namna ile.

Akainua macho. Akaiona ovaroli ya Mburu, ya buluu, imechanwa mguu mmoja mpaka juu ya goti. Akakitazama kitambaa mkononi. Akaitazama tena ovaroli.

Mzee alirudi nyuma hatua mbili akagonga mkokoteni. Nilidhani atakimbia.

"Kijana," akasema, "mimi nilidanganya wewe. Mama hakuna. Mama alikufa zamani. Hii ni mimi tu."

"Najua, mzee," akasema Mburu. "Mimi najua tangu siku ya kwanza."

"Unajua?"

"Ni fundo. Fundo yako si ya mama."

Maksai walianza kula nyasi za kando ya barabara na hakuna aliyewakataza. Kisha Kimaiyo akauliza swali lilelile nililouliza mimi, na Mburu badala ya kujibu akamrudishia.

"Na wewe, mzee, kwa nini ulianza?"

"Mimi nilikuwa naona mama yako anagusa hapa kila asubuhi. Nilifikiri ni mambo ya uzee tu. Halafu yeye alikufa, na mkebe unarudi na kitambaa. Nikaogopa, nikasema ni uchawi. Nikatoa, nikatupa. Kesho ingine. Nikatupa. Siku ya tatu nikasema, hapana, huyu ni mtu. Huyu anauliza." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kijana yangu alienda vita ya Burma. Mimi niliuliza. Nilienda kwa DC, nilienda kwa padri, nilipeleka maneno kila mwaka mpaka leo. Hakuna mtu alirudisha hata neno moja. Nikasema huyu asikae kama mimi."

Mburu alilifungua kabuti na kumvika mzee. Lilimfika kwenye vifundo vya miguu na mikono ikapotea ndani kabisa. Tulitazamana sote watatu, kisha Kimaiyo akaanza kucheka, na Mburu akacheka, na mimi ndiye niliyecheka mpaka nikashika mbavu, maana angalau kuna jambo moja ambalo Mburu naye alikuwa amelikosea.

Alitupeleka kwenye kaburi. Lilikuwa chini ya ua wa mibono, limezungushiwa mawe, na magugu yalikuwa yameng'olewa karibuni. Kimaiyo alieleza kwamba watu wake hawana desturi ya kushinda kwenye kaburi, tena la mtu wa kabila lingine, wenzake walimcheka, lakini aliona ni vibaya kujibu barua za mama wa watu halafu kumwacha yeye mwenyewe kwenye magugu. Mburu alipiga magoti, hakulia. Mimi nilikaa kando nikainua mikono nikasoma ninayoyajua. Sikuuliza kama inafaa kwa mama wa Kikristo. Nilimjua kwa harufu mwaka mzima, hiyo ilitosha.

Tulilala kwa Kimaiyo, tukanywa maziwa ya kibuyu chake, na yalinuka mkaa wa senetwet mpaka machozi yakanitoka.

Alfajiri tukarudi naye kwenye kijukwaa, mikebe imejaa, lori la Ogola linasikika likiteremka. Mzee alikuwa ndani ya kabuti lake, pindo linaburura kwenye umande. Mkono wake ulikuwa mfukoni, na niliona unacheza na kitu. Mwishowe akasema, bila kumtazama Mburu:

"Sasa kijana. Sisi tumeonana. Mimi nifunge bado, ama imekwisha?"

Mburu ambaye hakulia kaburini alilia hapo. Alisimama katikati ya barabara ya Subukia, mtu mzima na ovaroli ya mguu mmoja, akalia waziwazi. Alipoweza kusema, alisema, "Funga, mzee. Mimi nitakuwa naangalia."

Kimaiyo akatoa uzi wa gunia mfukoni. Angeweza kumpa mkononi, walikuwa wameachana kwa hatua moja tu. Hakumpa. Aliinama, akakunja mikono ya kabuti, akaufunga kwenye kishikio cha kumi na tisa, akaukaza kwa meno. Mburu alisimama pale akitazama milima mpaka alipomaliza, kisha akamsaidia Ogola kuupandisha mkebe lorini. Njia nzima aliketi kando yake na hakuugusa.

Tulifika Nakuru saa tatu kasoro. Mburu aliruka akaenda moja kwa moja kwenye mvuke wake, mwisho kabisa wa jukwaa, akachukua brashi, akasimama kungoja. Mimi nikafunga aproni yangu nikaanza zamu, kifuniko kimoja kimoja, shamba moja baada ya jingine. Nilipofika kumi na tisa sikuinamia kishikio. Nilifunua, nikavuta pumzi mara moja, nikasema "Mazima," nikausukuma uende kwake.